Watoto wa bendi nao wahesabiwe

Mhariri,

Ukurasa wenu kuhusu watoto wetu waliong'ara ughaibuni niliusoma mara mbili, mara ya pili nikitafuta nilichokikosa mara ya kwanza. Niliona wanakandanda wanne, mkimbiaji wa nyika mmoja, na msichana aliyepata ufadhili wa kusomea uuguzi. Hongera zao. Wa bendi hakuwamo hata mmoja, na hapa Texas ninakoishi watoto wa Kikenya, Kitanzania na Kikongo waliomo kwenye bendi za gwaride za sekondari si haba.

Lawama yenyewe inanihusu mimi kwanza. Binti yangu alipokuja na fomu ya bendi miaka mitatu iliyopita, nilimwambia tarumbeta ni za harusi. Kwetu Mombasa ndivyo tulivyozijua: zinatangulia, watu wanacheza, wapigaji wanatunzwa, basi. Sikujua kwamba huku bendi ya shule ina mashindano yake ya ngazi kwa ngazi, mkoa kwanza, halafu kanda, kisha jimbo zima, na kwamba atakayefika jimbo hupiga ndani ya Alamodome, uwanja mkubwa wenye paa kule San Antonio. Onyesho lote halizidi dakika nane. Kwa ajili ya dakika hizo nane mtoto anakupotea kuanzia Agosti hadi Novemba.

Mazoezi huanzia kwenye maegesho ya magari ya shule, juu ya lami iliyochorwa mistari kama ya uwanja wa futiboli ya Kimarekani, jua la Agosti likiwaka hadi nyuzi 38. Hatua nane kwa kila yadi tano, yaani kama sentimita 57 kila hatua, bila kuongeza wala kupunguza. Kisigino kitue kwanza, vidole vya mguu vitazame juu, mdomo usibanduke kwenye chombo, jicho liwe kwa kiongozi. Ukipitiliza nusu hatua tu, jaji aliyeketi juu kabisa anauona mstari umepinda.

Wangu anapiga suzafoni, lile besi kubwa lililopewa jina la John Philip Sousa, mtunzi wa Kimarekani wa muziki wa gwaride, linalomzunguka mtu mwilini kama chatu kisha likaachama juu ya kichwa chake. Uzito wote unakaa bega la kushoto. Mama yake humkunjia taulo ndogo na kuiweka chini ya fulana, na bado jioni bega lina alama nyekundu pana kama kiganja. Usiku hurudia hatua sebuleni bila chombo, akihesabu moja hadi nane, moja hadi nane, mpaka siku moja jirani wa chini akatugongea dari kwa mpini wa ufagio.

Wazazi wenzangu husema bendi inakula masomo. Wangeuliza kwanza. Tangu 1984 Texas ina sheria ya kumzuia kushindana mwanafunzi anayepata chini ya 70 katika somo, awe wa mpira au wa bendi, na siku hizi hukaa nje kwa muda usiopungua wiki tatu. Mazoezi ya nje ya saa za masomo nayo yamewekewa mpaka wa saa nane kwa wiki ya shule. Mimi nilimgombeza binti huyu kuhusu hesabu miaka miwili bila faida. Alipoambiwa asipofaulu safu ya mabesi itabaki na pengo, akaanza kuamka alfajiri bila kuitwa.

Msimu uliopita bendi yao ilipata daraja la kwanza kutoka kwa majaji wote wa mkoa, ikaenda kanda, ikaingia fainali kwa mara ya kwanza tangu shule ifunguliwe. Jimbo hawakufika, walipungukiwa nafasi moja. Viongozi wao walisimama uwanjani kwa saluti wakisomewa matokeo, na jina la shule yetu lilipotajwa mapema mno, mkono wa yule msichana wa mbele haukutikisika. Huku jukwaani wazazi ndio tuliolia. Tulirudi shuleni saa saba usiku. Kabla ya yeyote kwenda kulala waliteremsha vyombo vyote kutoka kwenye lori, ngoma moja moja, na hakuna aliyekuwa akilia tena. Kulikuwa na ubishi tu wa nani kapoteza glavu ya kushoto.

Gazeti la mji lilitoa mistari miwili. Timu ya futiboli ya shule hiyohiyo, iliyokuwa imefungwa mechi tano mfululizo, ilipata nusu ukurasa na picha ya rangi. Hao ni Wamarekani, na futiboli kwao ni ugonjwa. Lakini chama chetu wenyewe cha Waafrika Mashariki, kwenye chakula cha jioni cha mwisho wa mwaka, kiligawa ngao kwa wanakandanda mmoja mmoja kwa majina. Watoto wa bendi nao walikumbukwa: waliombwa wapige wageni wakiingia.

Na sisi watu wa pwani ndio tungelielewa jambo hili upesi kuliko wote. Beni, ngoma ya gwaride na mashindano iliyopewa jina kutokana na Kiingereza "band", ni neno letu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mombasa iligawanyika kati ya vikundi vya beni vya Scotchi na Kingi, na kule Tanganyika wakawa Marini na Arinoti, kila upande na sare zake, vyeo vyake, ngoma na gwaride lake, wakishindana hadi watu wakamaliza mali kwa karamu za kuwapiku wenzao. Nyanya yangu alizisimulia habari hizo kama mtu anayesimulia fainali. Hakuna aliyemwambia kwamba ule ulikuwa mchezo wa harusi.

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, ninaloomba ni dogo. Mtakapoandika tena ukurasa ule, ulizeni na matokeo ya bendi: mkoa, kanda, jimbo, mtoto wa nani, anapiga chombo gani. Picha ninayo tayari. Binti yangu ni wa tatu kutoka kushoto, ingawa mtakachoona ni mdomo wa besi na jozi ya viatu vyeupe.

Baba wa mpiga suzafoni,
Dallas, Texas