Malalamiko kuhusu viungo katika programu yenu ya madokezo

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: UWEKAJI WA VIUNGO KATIKA PROGRAMU YENU YA MADOKEZO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wahariri na waandaaji wa miongozo ya kazi, na tunalipia programu yenu kwa mwaka. Tunaandika kwa Kiswahili, na kila mwongozo hubeba viungo vya kurasa za intaneti, vya madokezo mengine na vya namba za simu. Tangu toleo jipya litoke, viungo vinajitokeza mahali ambapo hakuna aliyeviomba, na vinapotakiwa vinakatika. Mhudumu wenu alitushauri tufute kache na kusakinisha upya. Tumefanya hivyo kwenye Windows, Mac na Android, hali ni ile ile. Tunaomba barua hii ifikishwe kwa wahandisi, maana kila kasoro iliyomo wanaweza kuirudia wenyewe mezani kwao.

Tuanze na iliyo mbaya zaidi. Fungueni dokezo jipya, muandike bila kuacha nafasi baada ya nukta, kama mtu anavyoandika harakaharaka kikaoni: "Malipo yamesitishwa.Ni lazima mhasibu aitwe." Mkibonyeza nafasi tu baada ya "Ni", maneno "yamesitishwa.Ni" yanageuka bluu na kuwa kiungo cha https://yamesitishwa.ni. Rudieni kwa "Na", "La", "Si" na "Za", mtaona hivyo hivyo. Programu inachukua herufi zilizofuata nukta na kuzilinganisha na orodha ya vikoa vya nchi, yaani herufi za mwisho wa anwani ya tovuti zinazoonyesha nchi, na humo .ni ni Nikaragua, .na ni Namibia, .la ni Laos, .si ni Slovenia, .za ni Afrika Kusini. Majina ya vikoa hayatofautishi herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo kuanza sentensi kwa herufi kubwa hakumwokoi mwandishi. Cha kuudhi ni kwamba tukiandika kwa Kiingereza "paid.It" hakuna kinachobadilika, ingawa .it ni kikoa halali cha Italia. Maana yake mnayo tayari orodha ya maneno ya kurukwa, ila hakuna aliyekumbuka kuingiza ya Kiswahili.

Rangi ya bluu pekee tungeivumilia. Tatizo ni kwamba kiungo kikishaundwa, programu inakwenda yenyewe mtandaoni kutafuta kichwa na picha ya ukurasa ili ionyeshe kidirisha cha muhtasari. Ili kufanya hivyo inaiuliza seva ya majina ya mtandao iko wapi "yamesitishwa.ni". Neno kutoka kwenye dokezo la siri limeshatoka nje ya kompyuta, na mwandishi hana habari. Kama kuna mtu amesajili jina hilo, seva yake inapokea ombi pamoja na anwani ya IP ya ofisi. Fikirini dokezo la kikao cha nidhamu lenye "amefukuzwa.Na". Bando linaloliwa na picha hizo za muhtasari ni suala jingine, na kwenye simu si dogo.

Anayejaribu kurudisha nyuma anaumia zaidi. Katika programu nyingi, Ctrl+Z ya kwanza huondoa kiungo na kuacha maneno. Kwenu inafuta sentensi nzima, kwa sababu uandishi na ugeuzaji vimehesabiwa kuwa tendo moja. Vitenganisheni. Kanuni ya kutambua anwani nayo ibanwe: kigeuke kiungo chenyewe kile tu kinachoanza na http://, https:// au www., kama ilivyo kwa anwani za tovuti katika Markdown (mtindo wa kupanga maandishi kwa alama rahisi) inayotumiwa na GitHub, tovuti ya watengenezaji wa programu. Jina tupu kama mfano.co.tz lisubiri mwandishi aseme. Muhtasari uwe umezimwa mpaka mtu auwashe, na swichi iwe kwenye mipangilio ya simu pia, si ya kompyuta peke yake.

Kasoro ya pili ni mwisho wa anwani. Mtu akifunga sentensi kwa anwani, nukta ya sentensi inamezwa ndani ya kiungo, na anayebofya anakutana na ujumbe wa 404, kwamba ukurasa haupo. Kwa mabano inakuwa kinyume. Anwani ya Wikipedia inayoishia na /wiki/Tabora_(mji) inakatwa kabla ya mabano ya kufunga, na ukurasa unaofunguka siyo. Bila shaka kichanganuzi chenu kinasimama kwenye mabano ya kwanza ya kufunga kinayoyakuta. Kinapaswa kuhesabu: kama mabano ya kufungua yamo ndani ya anwani, ya kufunga ni mali yake, kama hayamo, ni ya sentensi. Kwa sasa tunaandika %28 na %29 badala ya mabano, na %20 badala ya nafasi. Kwetu inawezekana, lakini karani anayejaza orodha ya fomu hatuwezi kumdai ajue hayo.

Kuhusu kuweka kiungo kwa mkono, tunashukuru kwamba Ctrl+K bado inafanya kazi, na Cmd+K kwenye Mac. Ila ukichagua maneno "fomu ya likizo" kisha ukabandika anwani juu yake, programu inafuta maneno na kuacha anwani ndefu. Watumiaji wengi wameshazoea kwamba maneno yaliyochaguliwa hubaki na kupokea anwani. Aidha, ukimaliza kuweka kiungo na kuendelea kuandika, maneno mapya yanaingia ndani ya kiungo, na aya nzima inaishia kuwa bluu. Kama kihariri chenu kimejengwa juu ya ProseMirror, zana ya kutengenezea vihariri vya maandishi, hii ni kazi ya mstari mmoja: sifa ya inclusive kwenye alama ya kiungo iwe false. Ikiachwa bila kuandikwa inahesabiwa kuwa true.

Kwenye simu, kugusa kiungo kunakifungua papo hapo hata mtu akiwa anahariri. Mguso mmoja uweke kishale. Kubonyeza kwa muda kulete menyu ya kufungua, kuhariri, kunakili na kuondoa, huku anwani kamili ikionekana juu yake. Kuonekana kwa anwani ni suala la usalama. Ndani ya daftari la pamoja mtu anaweza kuandika jina la benki na nyuma yake akaweka anwani ya matapeli.

Hapa Afrika Mashariki kuna viungo ambavyo pengine wahandisi wenu hawavifikirii. Watu huhifadhi kwenye madokezo namba za huduma za simu kama *150*00# ya M-Pesa Tanzania. Programu yenu inatengeneza kiungo cha tel:*150*00#, na kwenye Android kipiga simu kinafunguka na *150*00 bila alama ya reli, hivyo huduma haipatikani. Ndani ya anwani alama hiyo ina kazi yake, hutangulia jina la sehemu ya ukurasa, kwa hiyo inabidi iandikwe %23: tel:*150*00%23. Kwenye iPhone hata hilo huenda lisisaidie, kwa kuwa Apple iliwahi kuzuia viungo vya tel: vyenye nyota au reli visipigwe, ili mtu asipigishwe namba asizokusudia. Huko wekeni kitufe cha kunakili namba, inatosha. Namba za kawaida zihifadhiwe kwa +255 au +254, maana sifuri ya mwanzo haina maana mpokeaji akiwa nchi nyingine.

Tunarudi kwenye jambo lililotugharimu kazi kuliko mengine: viungo kati ya dokezo na dokezo. Ukiandika mabano mraba mawili, [[, orodha ya madokezo inatokea, unachagua, kiungo kinaundwa. Hapo hakuna neno. Lakini kinachohifadhiwa ni kichwa cha dokezo. Badilisheni "Kikao cha Jumatatu" kiwe "Kikao cha Jumatatu, Idara ya Maji", na viungo vyote vilivyoelekea huko vinakufa kimyakimya, vikibaki na rangi yao ya bluu kana kwamba ni vizima. Ukivibofya, programu haikuambii kwamba kiungo kimevunjika. Inaunda dokezo jipya tupu lenye jina la zamani. Anayefika hapo anadhani kumbukumbu zimefutwa. Mwingine anaanza kuandika humo humo, na sasa kuna madokezo mawili ya kikao kimoja. Na pale ambapo tangu mwanzo yapo mawili yenye kichwa sawa katika madaftari tofauti, kiungo kinachagua lililofunguliwa karibuni, hivyo kiungo kile kile kinampeleka kila mtu kwake.

Dawa yake inajulikana. Kila dokezo lina kitambulisho chake cha ndani kisichobadilika. Kiungo kihifadhi hicho, na kichwa kiwe cha kuonyeshwa tu. Kama mnataka kubaki na vichwa kwa sababu ya mafaili ya Markdown, basi kichwa kikibadilishwa programu ipitie viungo vyote na kuvirekebisha, kama programu ya madokezo ya Obsidian inavyofanya. Vichwa vidogo ndani ya dokezo vihesabiwe pia. Na kabla ya kufuta dokezo, tuonyeshwe ni madokezo gani yanalitegemea.

Kutoa PDF nako kuna lake. Viungo vinatoka na rangi lakini havibofyeki, kwa kuwa katika PDF kiungo ni kitu cha pekee, eneo lenye vipimo vyake linalowekwa juu ya maandishi, na kitoa-PDF chenu kinachora maandishi tu. Tunahisi wajaribu wenu hawakuliona hili kwa sababu walitumia anwani zilizoandikwa wazi, na Acrobat, programu ya kusomea PDF, huzitambua yenyewe. Wajaribu kwa kiungo kilicho nyuma ya neno "hapa". Mstari chini ya kiungo mlioufuta urudishwe pia: mwongozo wa WCAG, wa kufanya kurasa zisomeke hata na wenye ulemavu, unakataza kutegemea rangi pekee kumjulisha msomaji, na kwenye fotokopi nyeusi na nyeupe hakuna kiungo kinachoonekana kabisa.

Tunachodai ni hiki. Ndani ya siku 30 itolewe swichi ya kuzima ugeuzaji wa moja kwa moja na muhtasari. Hizo hazihitaji kusubiri toleo kubwa. Viungo vya ndani vipewe tarehe ya kurekebishwa, kwa maandishi. Itolewe pia zana ya kupitia daftari zima na kuorodhesha viungo vilivyovunjika pamoja na madokezo matupu yaliyozaliwa navyo, ili tuweze kuyaunganisha bila kufungua moja moja. Na kwa kipindi ambacho kasoro hizi zimekuwepo, muda wa malipo yetu uongezwe kwa kiasi hicho hicho, au turudishiwe fedha.

Tumeambatisha daftari la majaribio lenye kila mfano uliotajwa hapa, video ya skrini kwa kompyuta na kwa simu, na matoleo ya programu tuliyoyatumia. Majibu yaje kwa baruapepe iliyosajiliwa kwenye akaunti yetu, na tunaomba yaandikwe na mtu aliyelifungua daftari hilo.

Wenu,

Wahariri na waandaaji wa miongozo
Dar es Salaam