Kumwambia mgonjwa "acha sigara" hakutoshi

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo linaloumiza familia nyingi hapa Nairobi. Wagonjwa wanaambiwa waache tumbaku na wahudumu ambao hawajafunzwa namna ya kuwasaidia kuiacha.

Hivi majuzi nilimsindikiza mjomba kliniki kwa sababu ya presha. Aliulizwa, "Mzee, unavuta sigara?" Akajibu havuti, na ni kweli, aliacha kitambo. Lakini mfukoni alikuwa na ugoro uliofungwa kwenye nailoni, na nikotini ya ugoro nayo hupandisha presha. Hakuna aliyemuuliza. Vijana wetu wanaobana vifuko vya nikotini chini ya mdomo nao watajibu vivyo hivyo, bila kudanganya. Kwa hivyo hata kuuliza kunahitaji kufunzwa: "Unatumia tumbaku au nikotini ya aina yoyote?" Kisha, "Ukiamka, unakaa muda gani kabla ya kutumia?" Anayewasha sigara kabla ya nusu saa kuisha amenaswa sana, na hawezi kusaidiwa sawa na yule anayevuta moja jioni akiwa na marafiki.

Jirani yangu alijitahidi akanunua chingamu ya nikotini, dawa ya kumsaidia mtu kuacha sigara, kwenye duka la dawa. Alikabidhiwa bila maelezo. Akaitafuna kama chingamu ya watoto, akashikwa na kwikwi na kichefuchefu, akaitupa na kurudia sigara. Dawa hiyo hutafunwa polepole hadi ukali wake usikike, ikawekwa kati ya shavu na ufizi itulie, ndipo itafunwe tena. Angeelezwa hayo, na kwamba siku chache za kwanza ndizo ngumu zaidi, pengine leo angekuwa ameacha. Inanisikitisha sana, kwa sababu nia alikuwa nayo, na pesa alitoa.

Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulionyesha Wakenya wazima milioni 2.5 wanatumia tumbaku. Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka wa 2004, na kifungu cha 14 kinaitaka serikali iwasaidie wanaotaka kuacha. Sheria yetu ya 2007 imefanya kazi nzuri upande wa matangazo na uvutaji hadharani, lakini kwenye chumba cha matibabu bado tuko nyuma.

Najua wauguzi wetu wamelemewa na foleni. Hata hivyo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unataja ushauri mfupi wa kati ya sekunde 30 na dakika tatu, unaotolewa kila mgonjwa anapohudumiwa. Muda huo unapatikana.

Naiomba Wizara ya Afya na Kaunti ya Nairobi mafunzo haya yaingie kwenye mitaala ya vyuo vya utabibu na yatahiniwe. Walio kazini wayapate kupitia mafunzo endelevu ambayo tayari wanayahitaji ili kuhuisha leseni. Wauzaji wa maduka ya dawa wasisahauliwe, wala wahudumu wa afya ya jamii wanaotutembelea nyumbani, maana hao ndio wanaojua nani ana ugoro mfukoni. Na chingamu na vibandiko vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi, ambavyo vimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo tangu 2009, vipatikane katika zahanati za umma. Muuguzi aliyefunzwa vizuri atafanya nini kabati likiwa tupu?

Msomaji wako,
Kayole, Nairobi