Kwa nini cheni mpya inaruka ukipanda mlima

Assalaam alaikum wateja wetu. Wiki iliyopita kaja kijana mmoja dukani kwa hasira, watu wamejaa, anasema cheni ya baiskeli niliyomuuzia feki, kenda nayo mlimani Masingini na kila akikanyaga pedeli kwa nguvu inaruka, kak kak kak, mpaka mguu ukamteleza na goti likajipiga kwenye usukani. Anataka elfu ishirini na mbili zake. Huyu ni wa tatu mwaka huu na lalamiko ni hilo hilo, na safari hii maneno yamefika mpaka kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba sie tunaibia watu, basi nimeona bora niandike yote hapa kila mtu asome.

Cheni ile si feki. Siku alipoileta baiskeli nilimwambia cheni imekwisha na friwili, yaani zile gia za meno za gurudumu la nyuma, nayo imekwisha, vinabadilishwa pamoja, na vyote pamoja na kazi ni elfu sitini na mbili. Akaniambia fundi, niuzie cheni tu nitaifunga mwenyewe nyumbani. Nikamuuzia, mali ni yake, siwezi kumlazimisha.

Sasa sikilizeni. Cheni haivutiki kama mpira. Inakwisha ndani, kwenye zile pini, mchanga na chumvi vinaingia vinasaga chuma kidogo kidogo, kila pini inalegea unywele tu, lakini pini ziko zaidi ya mia moja kwa hivyo cheni nzima inarefuka. Ikisharefuka haikai tena katikati ya meno, inapanda juu ya jino na kulila, na ukiitazama friwili ya namna hiyo utaona meno yamechongoka yamelala upande mmoja kama pezi la papa. Cheni kuukuu na friwili kuukuu zimezoeana, zimelika pamoja, ndiyo maana ulikuwa huoni tabu. Ukiweka cheni mpya juu ya meno yale haishiki. Barabara ya Amani tambarare hutojua, lakini ingia mlimani usimame kwenye pedeli uone.

Njia ya kupima ni rahisi na mteja yeyote akija namuonyesha mbele ya macho yake. Nachukua rula ya chuma, naweka sifuri katikati ya pini moja, nahesabu mpaka inchi 12. Cheni mpya pini inakaa juu ya mstari wa 12 sawasawa. Ikipita kwa milimita moja na nusu hivi badilisha cheni peke yake, friwili bado inapona. Ikipita milimita tatu basi friwili nayo ishakwenda, na pengine na gia za mbele. Ile kuukuu ya kijana yule ilipita milimita nne. Nilimuonyesha, aliiona.

Kwa hivyo anayekuja mapema analipa cheni tu. Anayesema "nipake oili tu, bado inakwenda" ndiye anayekuja kulipa vyote, halafu anasema bei zetu kali.

Na sie huku visiwani tuna tabu yetu wenyewe. Watu wanaendesha ufukweni Paje na Jambiani maji yakitoka, mchanga umeshika vizuri, raha kweli, mie mwenyewe napenda, lakini ukirudi hujaimwagia baiskeli maji baridi ya bomba, yasiyo chumvi, basi asubuhi cheni ishaanza kutu. Wengine wanapaka oili chafu ya gari kwa sababu ya bure, ile nzito inabeba mchanga wote inakuwa kama msasa ndani ya cheni. Oili kidogo, tone moja kila kiungo, zungusha pedeli, halafu futa kwa kitambaa mpaka nje pakauke. Oili inatakiwa ndani, ya nje haina kazi.

Miaka miwili nyuma walikuja jamaa watatu wanajitayarisha kwenda Lushoto, wapande kutoka Mombo mpaka Lushoto mjini kisha siku ya pili Irente. Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33 na kupanda karibu kote. Wawili walifanya sevisi kamili. Wa tatu baiskeli yake ilikuwa ya ufukweni msimu mzima, nikampimia, nikamwambia sheikh hii haifiki, akasema yeye anataka oili na breki zikazwe basi, Masingini anaipanda kila Jumapili. Masingini ndiyo mlima wetu Unguja lakini juu pale ni mita mia na kitu tu, Lushoto mji wenyewe uko kwenye mita 1,400! Wamepita Soni, kwenye kona, cheni ikakatika. Akapandishwa na bodaboda mpaka Lushoto, akanunua cheni mpya, ikaruka, fundi wa kule naye akamwambia maneno yale yale, friwili, gia ya mbele, na vipuri vyenyewe vikasubiriwa siku nzima. Wenzake wamekaa Irente kwenye mwamba wanatazama nyika ya Umasaini imetandaa chini yao mpaka macho yanachoka, yeye yuko gesti. Alirudi akanihesabia mwenyewe, laki na themanini. Mie nilikuwa nimemwambia sitini na tano. Namshukuru alikuja kusema, wengi hawarudi.

Jambo jengine ni gia. Mlima mrefu unataka gia ya mbele ndogo yenye meno 22 na ya nyuma kubwa yenye meno 34, hapo pedeli ikizunguka duru moja tairi halimalizi hata duru moja, ndiyo unapanda huku unaongea. Na gia inabadilishwa kabla ya mlima, bado pedeli nyepesi. Ukisubiri mpaka umekwama ndiyo unabonyeza, hapo ndipo cheni zinapokatika.

Breki nazo. Ami mmoja wa Bububu disiki zilikuwa zinapiga kelele, akapuliza dawa ya kutu. Kelele zikanyamaza na breki zikanyamaza, akashuka mpaka shamba la mihogo, kiwiko kikachanika. Pedi ikishanyonya mafuta haisafishiki, nunua mpya, na disiki ifutwe kwa spiriti. Pedi elfu kumi na mbili. Elfu kumi na mbili jamani, na ni roho ya mtu.

Sevisi yetu kamili ni elfu ishirini na tano na vipuri mbali. Najua pahala pengine wanafanya kwa elfu nane. Mie nafungua magurudumu, naosha goroli kwa mafuta ya taa, natia grisi mpya, nanyoosha rimu spoki moja moja, na baiskeli ya mtu anayekwenda mlimani siikabidhi mpaka niipande mwenyewe Masingini, juu na chini, kwenye gia nzito na nyepesi. Ikiruka mara moja narudi nayo kwenye meza. Hiyo ni nusu siku ya kazi.

Kijana wa wiki iliyopita nimemwambia alete baiskeli, nitamfungia friwili kwa bei ya kununulia na cheni yake ile ile tuitumie, bado nzima. Hajaja bado. Akiwa anasoma hapa, mdogo wangu, njoo tu, sina kinyongo.

Wanaosafiri, leteni baiskeli wiki moja kabla, si Alkhamisi usiku na boti Ijumaa asubuhi. Na ikishuka kwenye boti imwagieni maji baridi kabla hamjaipandisha kwenye basi. Ijumaa tunafunga saa sita kwa sala, saa nane tuko dukani.