Tuleteeni CD ya MRI, siyo filamu peke yake

Mara nyingi ndugu wa mgonjwa hufika kwetu na bahasha kubwa ya filamu za MRI (kipimo kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku), ameibeba toka nyumbani kwa uangalifu wote. Inatuuma kumwambia kwamba bahasha hiyo hatuwezi kuifanyia kazi.

Tunachofanya ni kumwandalia daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo ramani ya kichwa cha mgonjwa kwenye kompyuta. Fuvu, uvimbe na mishipa ya damu hupewa kila kimoja rangi yake, na daktari huigeuza picha upande wowote kabla hajashika kisu: aingilie wapi, ateremke kiasi gani, mshipa upi aukwepe. Filamu ni picha bapa. Kompyuta inataka faili zenyewe za DICOM (muundo wa kuhifadhi picha za hospitali kwenye kompyuta), zilizomo kwenye CD, maana ndizo zenye vipimo vya kila kipande cha picha na mahali kilipokaa.

Hata CD ina masharti. MRI ya kawaida ya ubongo hupigwa kwa vipande vya unene wa milimita 5 hivi. Kugundua ugonjwa, inatosha. Lakini mshipa mwembamba unaweza kupotea katikati. Sisi tunaomba vipande vya milimita 1, visivyoachana, kichwa kizima mpaka pua na ngozi ya uso. Pua ya nini? Chumbani mwa upasuaji, mara nyingi mtambo unaomwongoza daktari kwa ramani hiyo huoanisha uso wa mgonjwa aliyelala mezani na uso ulio kwenye picha. Zikipishana, ramani yote imehama. Ndiyo maana wengine hurudishwa kupiga upya, na tunajua gharama yake inavyoumiza.

Je, kwa ramani hiyo roboti ndiyo inayopasua? Hapana. Mwaka 1985, huko Long Beach, California, mkono wa roboti wa kiwandani, PUMA, ulitumika kuelekeza sindano ya kuchukua kipande kidogo cha nyama ya ubongo kwa kufuata picha za CT (kipimo cha eksirei kinachopiga mwili kwa vipande). Mpaka leo kazi kubwa ya roboti ubongoni ni hiyo: kushikilia mwelekeo bila kutetemeka, daktari apitishe chombo.

Na fuvu likishafunguliwa, maji yanayouzunguka ubongo hupungua, ubongo nao hushuka kidogo. Ramani huanza kupishana na hali halisi, na hapo hakuna kinachozidi macho na uzoefu wa daktari.

Kwa hiyo, kabla hamjatoka kituo cha vipimo, ombeni CD, kisha ifunguliwe hapo hapo mbele yenu. Nyingine hutoka tupu.