RISALA YA KLABU YA MUZIKI KWA MGENI RASMI

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana katika siku yetu ya muziki. Mwaka huu tumesoma habari za Sheffield Lab, lebo ya santuri ya Los Angeles, Marekani, nasi tunaomba tukueleze kwa nini imetugusa.

Waanzilishi wake, Doug Sax, mpiga tarumbeta, na Lincoln Mayorga, mpiga piano, walikuwa marafiki tangu ujana. Walipozisikiliza santuri za kale, zile za mizunguko 78 kwa dakika, waliona piano ina uhai kuliko katika santuri mpya zilizorekodiwa kwanza kwenye kanda. Basi mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaiacha kanda. Sauti ikatoka kwenye maikrofoni, ikapita mitamboni, ikafika moja kwa moja kwenye sindano inayochonga diski.

Mgeni rasmi, kazi hiyo ilikuwa ngumu mno. Upande mzima wa santuri, kama robo saa hivi, ulipigwa bila kusimama. Wimbo mmoja ukiisha, wanamuziki walikaa kimya wakisubiri kuanza unaofuata, maana sindano ilikuwa bado inachonga. Mpiga ngoma akikosea mwishoni kabisa, wote wanarudi mwanzo na diski nyingine. Hakuna kufuta wala kuunga vipande. Tena diski hizo zilitoa kalibu chache tu za kuchapia. Zikichakaa, basi, santuri hiyo haichapwi tena.

Thelma Houston aliimba kwa njia hiyo mwaka 1975. Mwaka 1976 mpiga tarumbeta Harry James na bendi yake walipiga ndani ya kanisa huko Hollywood. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya okestra nzima, Los Angeles Philharmonic, ikiongozwa na kondakta Erich Leinsdorf. Kwetu sisi huo ndio ushujaa wao mkubwa kuliko yote: wapigaji wengi hivyo, na hakuna wa kusahihishiwa.

Tangu tujifunze haya, hatuungi tena nyimbo zetu vipande vipande kwenye simu. Tunafanya mazoezi mpaka wimbo uishe bila kukatika, kisha tunarekodi pamoja. Waimbaji sasa wanasikilizana.

Changamoto yetu ni kwamba tunarekodi darasani, karibu na uwanja wenye kelele, kwa simu ya kuazima. Tunakuomba utusaidie kupata maikrofoni mbili na mapazia mazito ya madirisha.

Tunaomba kuwasilisha.