Gauni Langu na Hela Mnazoomba

London, 14 Agosti 1966

Kaka Ambakisye,

Shikamoo. Nipelekee shikamoo kwa baba na mama, na kwa bibi kule Masoko, na umpe Tusekile pole ya jino. Mimi sijambo, hofu na mashaka ni kwenu tu. Barua yako ya mwezi wa sita niliipata, na ya mwezi wa saba niliipata, na unajua kwamba nilizipata maana umeshamuuliza Gwakisa. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira. Leo Jumapili sina zamu, nimekaa kitandani na karatasi za kutosha, nitajibu yote.

Nianze na picha.

Picha ile niliyopigwa nimevaa gauni fupi nilimpelekea mama. Nyuma yake niliandika, "Mama, gauni hili nimelishona mwenyewe." Sikumpelekea baba mdogo. Wala sikuipeleka hotelini kwake ikapitishwe mezani kwa madereva wanaopeleka mafuta Zambia. Unaniambia aliichomoa kwenye bahasha mama akiwa shambani anachuma kahawa, akaondoka nayo, na jioni akaja kwa baba kusema binti yako ameharibika, anatembea uchi London, sasa nani atamtolea ng'ombe. Halafu ukurasa wa pili wa barua hiyo hiyo unaniandikia kwamba baba mdogo anaomba shilingi mia mbili za bati la hoteli, na wewe unaomba gitaa la umeme.

Kaka, nimeusoma ukurasa wa kwanza, nikausoma wa pili, nikarudia tena. Mbona mkono ulioandika ni mmoja?

Nataka umkumbushe baba mdogo siku aliyorudi kutoka Wenela, kule kwenye migodi ya Afrika Kusini. Mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka vizuri. Alishuka kwenye lori pale Tukuyu amevaa suruali pana inayofagia vumbi, kofia ameilaza upande, viatu vya rangi mbili, gramafoni ameikumbatia kifuani kuliko alivyotukumbatia sisi. Kuna mtu alisema ameharibika? Watoto wote tulimfuata nyuma. Babu alichinja. Usiku ule sindano ilizunguka juu ya santuri za Johannesburg mpaka ikawa butu, Manhattan Brothers wanaimba na baba mdogo anawaonyesha vijana jinsi miguu inavyopangwa. Hakuna mzee aliyeuliza suruali ile imekula yadi ngapi. Alikuwa mwanamume, ametoka mbali, amekuja na hela, basi mavazi yake yakaitwa maendeleo. Mimi nimefika mbali kuliko yeye, hela natuma, lakini magoti yangu yamekuwa kesi ya ukoo.

Na umwambie hili pia, maana litamgusa. Kati ya sauti alizotuletea kwenye zile santuri ilikuwamo ya Miriam Makeba, kabla hatujamjua jina. Mwezi wa tatu mwaka huu Makeba amepata tuzo ya Grammy kule Marekani pamoja na Harry Belafonte, kwa santuri waliyoimba wote wawili. Nywele zake hachomi kwa kitana cha moto, anaziacha fupi kama alivyozaliwa nazo. Na mimi nimeacha kuchoma. Mtaona kwenye picha ijayo, kwa hiyo nawaarifu mapema.

Uliuliza kama ni kweli wasichana wa huku wanavaa hivyo au ni mimi tu. Ni kweli. Mwaka jana sketi zilivuka goti, na kiangazi hiki zimepanda zaidi. Anayetajwa kuliko wote ni Mary Quant, mwanamke mwenye duka la nguo mtaa wa King's Road hapa London tangu 1955, na mwaka huu jina lake limo kwenye orodha ya watu wa kupewa nishani ya Malkia. Usidhani wazee wa Kizungu wamefurahi. Mwaka jana mwanamitindo wao, Jean Shrimpton, alikwenda Australia kwenye mashindano ya farasi Melbourne, gauni limeishia juu ya goti, hana soksi, hana kofia, hana glavu. Magazeti yalipiga kelele mpaka huku. Ugomvi huu si wa Rungwe peke yake.

Vijana wa kiume ndio usiseme. Carnaby Street unawakuta wamevaa mashati ya maua na suruali zilizobana mpaka unashangaa walizivaaje, nywele zimefunika masikio. Hao wameiga The Beatles, wale wanne wa Liverpool. Malkia aliwapa nishani Oktoba mwaka jana, na baadhi ya askari wa zamani walirudisha za kwao kwa hasira. Nimeona kwenye barua yako kwamba nawe umempa fundi suruali yako aibane. Vaa, kaka. Mimi sikupeleki kwa baba.

Muziki wa huku ungeupenda. BBC hawapigi santuri za vijana siku nzima, kwa hiyo tangu 1964 kuna redio iliyo ndani ya meli, Radio Caroline, imetia nanga baharini nje ya pwani ya Essex ili sheria isiifikie. Hosteli yetu ya wauguzi inaamka nayo na kulala nayo. Lakini raha yenyewe ni chumbani kwa wenzangu wa Jamaika. Wao wana muziki wao, ska, gitaa linakatakata pale ambapo sisi tungeweka kimya, na wanajivunia sana Millie Small, binti wa kwao, aliyefika nafasi ya pili Uingereza mwaka 1964 na sauti yake ile nyembamba kama ya mtoto. Wamenifundisha kucheza. Nami nimewafundisha chacha yetu, nikisaidiwa na kumbukumbu tu, maana santuri sina.

Mwezi uliopita wanafunzi wa Afrika Mashariki walifanya dansi. Mtu mmoja wa Mwanza alikuja na santuri za Franco na OK Jazz. Lilipoanza gitaa la kwanza, watu wote wa kwetu walisimama kwa pamoja, hata waliokuwa wanakula. Nilicheza na gauni langu, nikasifiwa, nikaombwa kila wimbo. Halafu katikati ya wimbo nikaikumbuka baraza ya nyumbani, mvua inapiga bati, wewe na gitaa lako la mbao unapiga kwa vidole viwili ile mitindo ya Mwenda Jean Bosco, mama anapika mbalaga, ndizi zetu, na moshi unaingia mpaka uliko. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Watu wakadhani nimechoka.

Pole kwa habari za kifo cha Salum Abdallah. Nilizipata kwa kuchelewa, na nilizilia. Najua mlivyokuwa mnasubiri bendi yake, Cuban Marimba, kwenye redio.

Sasa gitaa. Hapana. Sikatai kwa ubaya. Gitaa la umeme linataka na mashine ya kulikuzia sauti, na mashine inataka umeme, na kwetu umeme uko wapi? Unaniambia klabu ya Mbeya ina jenereta. Jenereta ni ya mwenye klabu. Siku mkigombana naye utabaki na kipande cha mbao kisicholia, na hela yangu imekwenda. Nyuzi nitakutumia, seti nzima za chuma, nzuri kuliko zinazouzwa Mbeya. Santuri moja nitakutumia pia. Ndogo hapa ni karibu shilingi saba, chagua vizuri uniandikie.

Na hapa ndipo nataka usome polepole, na ikiwezekana umsomee baba kwa sauti baba mdogo akiwepo.

Hela mnazoomba zinatoka kwenye hizo nguo fupi. Posho ya mwanafunzi wa uuguzi inaisha kwa chakula, nauli na vitabu. Nilipovaa lile gauni kwenye dansi ya hospitali, wenzangu waliniuliza nimelinunua wapi. Nikasema nimeshona. Hawakuamini, wakageuza pindo kuangalia. Tangu siku ile nashona, jioni nikitoka wodini, kwa cherehani ya hosteli. Kitambaa nanunua Petticoat Lane Jumapili asubuhi, pale unabishana bei kama uko soko la Tukuyu. Gauni moja linakula kitambaa kidogo mno, ndiyo maana linalipa. Hata sista wa wodi ameniletea kitambaa chake, na ni mtu ambaye hajawahi kumsifu mtu. Ada ya Tusekile ya mwaka huu ni magauni. Dawa za bibi ni magauni. Ile blanketi aliyojifunika baba mdogo wakati wa baridi mwezi wa saba, iliyotoka kwangu, nayo ni magauni.

Na mtihani wa kwanza wa uuguzi nimefaulu. Niliandika kwenye barua ya Mei, hakuna aliyenijibu neno. Mliona magoti tu.

Mama mwenyewe angeishika ile nguo asingetazama urefu kwanza, namjua. Angeigeuza ndani nje. Angeona kwamba nimetia bitana, kwamba zipu ya mgongoni imelala haionekani, kwamba pindo nimelishona kwa mkono kwa uzi wa rangi moja na kitambaa, tundu kwa tundu, kama alivyokuwa anatushonea sare. Na angelipima pindo kwa vidole na kukuta nimeacha inchi nne zimekunjwa ndani. Yeye ndiye aliyenifundisha: nguo ya binti iachie pindo pana, maana binti anakua. Gauni lile nikilifungua usiku mmoja na kulipiga pasi, asubuhi linafika chini ya goti, nakwenda nalo kanisani Rungwe na hakuna atakayegeuza shingo. Nitalifungua nitakapoamua mimi. Halitafunguliwa kwa sababu ya maneno ya hotelini.

Mambo mengine kwa ufupi. Baba anauliza kama tutafukuzwa kwa kuwa serikali yetu ilivunja uhusiano na Uingereza Desemba iliyopita kwa ajili ya Rhodesia. Hapana, asiogope, naendelea na masomo. Hospitali hawaniulizi siasa, wananiuliza kama nimebadilisha bandeji. Kuhusu vyumba vya kupanga na wenye nyumba wa hapa, tuyaache hayo. Nakaa hosteli na kuna joto.

Nimetuma hawala ya posta kwa jina la mama. Nasema tena, kwa jina la mama. Aende nayo posta mwenyewe, wewe umsindikize, na mtu mwingine asiishike. Nimeigawa hivi: ada ya Tusekile ya muhula, dawa za bibi, nyuzi zako nitatuma kwa kifurushi, na kinachobaki ni cha kuanza kulipia cherehani ya Singer, ile ya kukanyaga kwa miguu. Mama ameshona kwa mashine ya kuazima maisha yake yote, na mwenye mashine anajua kumkumbusha. Kila mwezi nitaongeza mpaka iishe.

Baba mdogo sijamtengea kitu safari hii. Madereva wamejaa barabara nzima toka Smith wa Rhodesia ajitangazie uhuru wake, na wote wanakula. Bati atanunua. Akitaka salamu zangu, airudishe picha mkononi mwa mama, yeye mwenyewe kwa miguu yake, si kwa kumtuma mtoto. Ukiniandikia kwamba imerudi, nitamwandikia barua nzuri, na nitaulizia hali ya gramafoni, maana ile gramafoni naipenda.

Mpime mama kwa futi kamba uniletee vipimo: mabega, kifua, kiuno, nyonga, na urefu wa mkono. Nimepata kitambaa cha pamba cha bluu, kizito kidogo, kinafaa baridi ya kwetu. Urefu wa gauni aseme mwenyewe anautaka wapi.

Ndaga fijo, asante sana, kwa kunipelekea salamu za watu wote. Gwakisa anakusalimu.

Mdogo wako,
Subilaga

Nimesahau mpira. Ndiyo, nilikuwepo London siku ya fainali ya Kombe la Dunia, 30 Julai, ila sikuingia Wembley, nilitazama kwenye televisheni ya hosteli. Uingereza 4, Ujerumani Magharibi 2, baada ya muda wa nyongeza, na Geoff Hurst kafunga matatu. Jamaa hawakulala. Mgonjwa mmoja mzee wodini alinishika mkono akalia. Lakini Afrika haikuwa na timu hata moja, kwa sababu nchi zetu zilisusa baada ya kunyimwa nafasi yetu wenyewe, na niliwaambia hivyo watu wote waliokuwa wamekaa nami. Na nasikia tangu Juni mna noti zetu wenyewe za Tanzania. Nitilie moja ya shilingi tano kwenye barua nami niione, uikunje ndani ya karatasi nyeusi isionekane posta.