Upande wa nne

Tabora

Somo yangu mpendwa,

Salaam nyingi toka Tabora. Sisi huku wazima, maembe yameanza kuiva na watoto hawakai tena nyumbani. Natumai shemeji na wanao huko Mwanga, Kigoma, hawajambo, na mama afya yake imetengemaa.

Nina jambo moja, na sikutaka kulituma kwa simu likapotelea kati ya mengine. Ile Live After Death, albamu ya jukwaani ya bendi ya roki ya Iron Maiden, tuliyoisikiliza kwenye CD mpaka tukajua hata mahali mwimbaji wao Bruce Dickinson anapovuta pumzi, hatukuwahi kuisikia yote! Sasa ninayo kwenye santuri. Ilikuwa ndani ya sanduku la marehemu mjomba, imebanwa kati ya santuri za Tabora Jazz na za rumba ya Kongo. Ni santuri mbili katika jalada moja, yaani pande nne. CD ile ya zamani ilibeba pande tatu tu, kwa kuwa diski moja haikutosha. Upande wa nne waliuacha nje, nasi tukadhani shoo inaishia pale.

Pande tatu tunazozijua zilirekodiwa Long Beach, California, Machi 1985. Upande wa nne umetoka ukumbi mwingine kabisa, Hammersmith Odeon, London, Oktoba 1984, bado wakiwa kwenye ziara ileile iliyoanza Warsaw mwezi Agosti. Nyimbo ni tano, zote za kabla ya Powerslave, albamu yao ya 1984. Ya mwisho ni Phantom of the Opera, ambayo kwenye albamu yao ya kwanza ya 1980 aliiimba Paul Di'Anno. Dickinson anaichukua kwa sauti yake kubwa, anaifanya yake. Hapo ndipo nilipomwelewa Steve Harris, mpiga besi wao. Anacharaza besi kwa vidole vitupu, tena mbio, na kwenye spika kubwa za mjomba kila pigo unalisikia likisimama peke yake. Nilikuwa nikidhani zile mbio ni za drams.

Kuhusu magita nina neno. Katika dansi letu gita la solo lina kazi yake na la ridhimu lina yake. Dave Murray na Adrian Smith wote wawili ni wapiga solo, na wanapoamua kwenda pamoja, mmoja anashika sauti ya juu na mwenzake ya chini, hawaachani hata nukta. Kufanya hivyo studio ni sawa, unaweza kurudia mpaka usiku. Wao wanafanya mbele ya umati, wakiwa wamekwisha zunguka nchi kwa nchi miezi kadhaa.

Santuri haina haraka. Unaweka sindano, inaanza hotuba ya Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, ya 1940, halafu wimbo wa Aces High unaruka juu pamoja na makelele ya watu. Dakika ishirini na kitu baadaye upande umekwisha, lazima uinuke ugeuze. Upande wa pili unafunguliwa na ule wimbo wa baharia, Rime of the Ancient Mariner, uliotokana na utenzi wa mshairi Mwingereza Coleridge wa 1798. Peke yake unapita dakika kumi na tatu. Katikati muziki unashuka karibu kunyamaza, chombo kimekwama baharini bila upepo. Wewe uliyekulia kando ya ziwa utakijua kimya kile kuliko mimi wa bara. Umati nao unasubiri, halafu gita linarudi taratibu, na ukumbi wote unalipuka. Sehemu hiyo nairudia kila mara.

Vumbi la Tabora unalijua, kwa hiyo kabla ya kupiga naifuta kwa kitambaa laini, kufuata mfereji, na sindano mpya niliagiza Dar. Michubuko midogo ipo, hasa upande wa kwanza, maana mjomba aliupenda. Upande wa nne ni msafi.

Najua toleo la CD la 1998 liliurudisha upande huo, na kwenye simu unaweza kuupata leo hii. Nakuomba usiutafute. Tumeisikiliza albamu hii pamoja tangu ujana, na sitaki hizo nyimbo tano uzisikie peke yako kwenye kispika cha simu. Panda treni uje. Nitakupokea stesheni, tutaanza upande wa kwanza baada ya chakula cha jioni na hatutaruka kitu. Majirani nimekwisha waomba radhi mapema.

Ukija niletee mawese, ya huku hayana ladha ile. Asali yako ya miombo nimeshaiweka. Niandikie siku utakayosafiri ili niombe ruhusa kazini.

Wasalimie wote.

Wako,
Somo